Dhuluma Isiyo na Dhalimu: Vizuizi Visivyoonekana na Suala la Dhamana katika Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Neno dhuluma liliingia katika Kiswahili pamoja na jamaa zake: dhalimu, mdhulumiwa, kudhulumu. Ukoo huu wa maneno unabeba dai la kimaadili ambalo msemaji wa kila siku halazimiki kulitafakari, nalo ni kwamba palipo na mdhulumiwa sharti pawe na dhalimu. Hata sarufi inaelekea upande huo. Kitenzi 'kudhulumiwa' huacha nafasi ya mtenda baada ya 'na', na nafasi hiyo ikibaki wazi msikilizaji huuliza: na nani? Katika mambo mengi swali hili lina jibu. Mrithi aliyenyimwa shamba amedhulumiwa na ami yake. Kibarua asiyelipwa ujira amedhulumiwa na tajiri wake. Mahakama, fasihi na masimulizi ya kijijini yote yamejengwa juu ya uwezo wa kulijaza pengo hilo kwa jina la mtu.

Zipo hali, hata hivyo, ambapo pengo hilo halijaziki kwa urahisi. Tuchukulie idara ya chuo kikuu ambamo wanawake na wanaume wameajiriwa kwa shahada zile zile na katika miaka ile ile. Miongo miwili baadaye wanaume wengi wamekuwa maprofesa na wanawake wengi wangali wahadhiri. Hakuna kanuni iliyowakataza kupanda. Hakuna mkuu wa idara aliyetamka kwamba mwanamke asipandishwe cheo. Kila mjumbe wa kamati anaweza kula kiapo kwamba alilipima kila ombi kwa uadilifu, na yamkini kiapo chake kikawa cha kweli. Je, wanawake hawa wamedhulumiwa? Na kama wamedhulumiwa, na nani?

Wapo wanaojibu kwamba, kwa kuwa dhalimu haonekani, dhuluma nayo haipo. Kilichopo ni bahati mbaya, au tofauti ya juhudi, au hiari ya wanawake wenyewe. Wapo pia wanaojibu kwamba dhuluma ipo, hivyo dhalimu lazima atafutwe hadi apatikane; na asipopatikana, basi wanaume wote ni madhalimu. Makala haya yanadai kwamba majibu yote mawili yanatokana na kosa moja, yaani kuamini kwamba dhuluma haiwezi kuwapo bila mtenda mmoja mwenye nia. Ili kulithibitisha dai hilo, makala yanazichunguza baadhi ya kazi za fasihi ya Kiswahili pamoja na mifano ya historia ya Kenya, kisha yanapendekeza njia ya kuifikiria dhamana ambayo haimtaki mtu kukiri hatia asiyokuwa nayo, lakini pia haimwachi akanawa mikono.

2.0 Dari au Baraza? Suala la Istiari

Katika mijadala ya Magharibi kizuizi cha namna hii huitwa dari ya kioo. Istiari hiyo inanasibishwa na Marilyn Loden, aliyeitumia katika mjadala mmoja huko Marekani mwaka wa 1978. Ilienea sana katika miaka ya themanini, na mwaka wa 1991 serikali ya nchi hiyo iliunda tume ya kuichunguza hali yenyewe. Tume ikatoa taarifa yake mwaka wa 1995. Istiari hii ina nguvu yake. Inaeleza jinsi mtu anavyoweza kukiona cheo kilicho juu yake, akaamini kwamba njia ni nyeupe, kisha akajigonga.

Hata hivyo istiari ya dari ina kasoro mbili. Kwanza, inakiweka kizuizi mahali pamoja, juu, karibu na kilele, kana kwamba ngazi zote za chini hazina tatizo. Pili, kioo ni kitu kilichotengenezwa na fundi kikapachikwa. Kwa hiyo istiari inaturudisha pale pale pa kumtafuta aliyekipachika.

Usanifu wa nyumba ya Waswahili unatupatia taswira zinazofaa zaidi. Ya kwanza ni baraza. Neno hili lina maana mbili ambazo wazawa wa lugha hawazioni kuwa ngeni kwa kila moja: ni kiti cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, wanapoketi wanaume baada ya sala au kazi, na ni chombo cha kuamua mambo, kuanzia baraza la chifu hadi Baraza la Mawaziri. Maana ya pili imeota kutoka kwa ya kwanza, na uhusiano huo una mafunzo. Maamuzi ya mji yalianza kufanyika mahali ambapo hapakuwa na mlango wa kufungwa. Baraza haina kufuli. Mpita njia huketi. Wala haikuhitajika amri ya kumkataza mwanamke kuketi pale, kwa sababu hakuna aliyetarajia kwamba angeketi. Methali isemayo 'asiyekuwapo na lake halipo' ni kanuni ya barazani: haimfukuzi mtu yeyote, inaeleza tu matokeo ya kutokuwapo kwake.

Taswira ya pili ni wikio, lile daraja lililopita juu ya kichochoro katika mji wa Lamu na kuunganisha orofa za nyumba mbili. Kwa njia hiyo wanawake waliweza kutembeleana bila ya kushuka njiani. Wikio ilikuwa njia ya kweli, na juu yake zilipita habari, biashara ndogondogo, mashauri ya ndoa na tungo. Lakini haikufika barazani. Mtu angeweza kutembea maisha yake yote katika njia iliyo salama na yenye heshima, asitambue kwamba njia hiyo haiendi kunakoamuliwa mambo.

Taswira ya tatu ni boriti. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko hautoi boriti ndefu upendavyo. Hakuna mwenye nyumba aliyekaa akaamua kwamba wakaaji wabanwe. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Hata hivyo kila aliyezaliwa chumbani humo aliishi kwa kipimo hicho, akapanga samani zake kwa kipimo hicho, na baada ya muda akakiona kuwa ndicho kipimo cha chumba. Hoja ya makala haya ni kwamba vizuizi visivyoonekana hufanana zaidi na boriti kuliko na kioo.

3.0 Mlango Uliofungwa na Mlango Ulio Wazi

Fasihi ya Kiswahili imekuwa hodari sana katika kumsawiri dhalimu mwenye jina. Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), ni mfano mzuri. Bwana Maksuudi anawafungia ndani mke na bintiye ilhali yeye mwenyewe ni mtu wa siasa na wa hadhara. Hapa pengo la kisarufi limejazwa: Maimuna amedhulumiwa na baba yake. Msomaji anajua amchukie nani. Lakini riwaya hiyo haiishii pale mlango unapofunguka. Maimuna anapotoka anaukuta ulimwengu ambao hakuandaliwa kuukabili, na hapo hana tena wa kumfungia. Anaangamia akiwa nje, katika uhuru wake. Wahakiki wengi wameisoma sehemu hiyo kuwa ni matokeo ya malezi mabaya. Inaweza kusomwa pia kama ushahidi kwamba ukuta wa Maksuudi ulikuwa mmoja tu kati ya kuta nyingi, na ndio pekee uliokuwa na mwenyewe.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, unatuelekeza kwenye hali iliyo ngumu zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anamwusia bintiye akiwa mgonjwa. Anamfunza ibada, adabu ya kukaa na watu, na hasa namna ya kuipata radhi ya mume, radhi ambayo imehesabiwa pamoja na ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Uhakiki wa kifeministi umeuona utendi huu kuwa chombo cha kudumisha taasubi ya kiume. Uhakiki unaoupinga huo umeuona kuwa ni hekima ya mama anayempenda mwanawe, na wengine wamesikia ndani yake kejeli iliyofichika.

Swali la kimaadili haliko katika kuchagua mojawapo ya masomo hayo. Mama anayekaribia kufa hana uwezo wa kuibomoa nyumba. Ana muda wa kumwambia mwanawe boriti ziko wapi, asije akajigonga. Ushauri huo unamfaa binti. Lakini kila binti anayefuzu kuinama anaifanya dari ionekane kuwa ina urefu wa kutosha. Kwa hiyo tendo lile lile ni huruma kwa mtu mmoja na ni mchango katika uimara wa mfumo. Mwana Kupona si dhalimu, na ingekuwa ni utovu wa adabu na wa fikra kumwita hivyo. Hata hivyo hayuko nje ya kile kinachodhulumu. Yeyote aliyewahi kumshauri mwanafunzi wa kike wa uzamili asilete mzozo, avumilie, amalize tasnifu kwanza, amewahi kusimama mahali aliposimama Mwana Kupona.

4.0 Nguzo Isiyosimama

Tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama (1982), inalisogeza swali mbele zaidi. Wanawake wa kijiji cha Patata, ambao mwandishi amewapa majina ya tarakimu, Bi Moja hadi Bi Nane, wanataka kuisimamisha Nguzo Mama. Hawafaulu. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba hakuna amri inayowazuia. Kila mmoja anavutwa na jambo lake: madai ya mume, ugomvi wa mali ya marehemu, shida ya fedha, kutoaminiana. Kila kisa kikitazamwa peke yake kina maelezo yake ya kawaida, na mtazamaji mwenye haraka anaweza kutoka ukumbini akisema kwamba wanawake hawapendani.

Usomaji huo ndio hasa unaodaiwa na kizuizi kisichoonekana. Kizuizi kinachosambazwa katika visa vingi vidogo hakiwezi kuonekana katika kisa kimoja. Ndiyo sababu, kwa maoni ya makala haya, majina ya tarakimu yana uzito kuliko mbinu ya kuwavua wahusika upekee wao. Tarakimu zinamlazimisha mtazamaji kuhesabu. Aliyemwona Bi mmoja akishindwa ameona udhaifu wa mtu. Aliyewaona wanane wakishindwa, kila mmoja kwa sababu 'yake', hana budi kuuliza kama sababu hizo ni zao kweli. Muhando ameyafanya jukwaani yale ambayo takwimu hufanya katika sayansi ya jamii, na amefanya hivyo bila kumtwika mtu mmoja hatia yote.

Hapa pana tahadhari kwa wahakiki. Uhakiki wa jinsia katika Kiswahili umejishughulisha mno na usawiri, yaani kama mhusika wa kike amechorwa kuwa mwema au mwovu, jasiri au dhaifu. Swali hilo lina maana, lakini linambakisha mhakiki katika ngazi ya mtu mmoja mmoja. Kizuizi kisichoonekana hakikai ndani ya mhusika. Kiko katika mpangilio wa tamthilia: nani yuko jukwaani wakati wa uamuzi, nani ameitwa jikoni, nani habari humfikia baadaye.

5.0 Kutoka Jukwaani hadi Ukumbi wa Chuo

Historia ya elimu ya juu nchini Kenya ina ushahidi wa kutosha kwamba haya si mambo ya jukwaani pekee. Wangari Maathai, katika tawasifu yake ya mwaka 2006, anasimulia kwamba alirejea kutoka Marekani mwanzoni mwa 1966 akiwa na barua ya kuajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti katika taaluma ya zuolojia jijini Nairobi, akakuta kwamba kazi amepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe alizitaja sababu mbili, jinsia na kabila, zikiwa zimefungamana. Baadaye aliajiriwa katika anatomia ya mifugo, akapata uzamifu mwaka wa 1971, na katika miaka iliyofuata akawa mwanamke wa kwanza chuoni humo kuongoza idara na kuwa profesa mshiriki.

Kisa cha barua ya 1966 kina mtenda. Kisa kilichofuata kinafunza zaidi. Masharti ya kazi ya miaka ya sabini yalichukulia kwamba mwanamke aliyeolewa anapewa makao na mumewe, na kwa sababu hiyo hakustahiki marupurupu sawa na ya mwanamume wa cheo kile kile. Waliotunga masharti hayo huenda hawakumwonea mtu chuki. Walikuwa wamemfikiria mhadhiri, na mhadhiri waliyemfikiria alikuwa na mke. Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya waliyapinga masharti hayo. Jaribio la kukigeuza chama cha wanataaluma kuwa chama cha wafanyakazi lilikataliwa mahakamani, ingawa madai mengi ya usawa yalikuja kutimizwa baadaye.

Sheria ya nchi ilifikiri vivyo hivyo. Chini ya Sheria ya Ajira ya 1976, mwanamke aliyechukua likizo ya uzazi ya miezi miwili alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Kifungu hicho hakikusema kwamba kuzaa ni mapumziko, lakini ndivyo kilivyohesabu. Sheria ya Ajira ya 2007 ilitoa miezi mitatu bila ya sharti hilo, na ikampa baba majuma mawili. Mabadiliko haya yanaonyesha kwamba boriti huweza kubadilishwa. Yanaonyesha pia kwamba kwa muda wa miaka thelathini na moja watu wenye heshima zao waliishi chini yake bila kuiona.

Leo masharti yaliyoandikwa ni mema. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 27, inawapa wanawake na wanaume haki ya fursa sawa, na inaelekeza kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wasizidi thuluthi mbili watu wa jinsia moja. Wanawake wamefika kwenye vilele ambavyo zamani havikufikirika: Olive Mugenda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa makamu wa chansela wa chuo kikuu cha umma, mwaka wa 2006, na Martha Koome aliapishwa kuwa Jaji Mkuu mwaka wa 2021. Lakini sheria ya kuitekeleza kanuni ya thuluthi mbili bungeni imekuwa na kisa cha peke yake. Miswada ililetwa, na mwaka wa 2016 na tena mwaka wa 2019 ikakosa kura 233 zilizohitajika katika Bunge la Taifa. Wabunge wengi hawakupiga kura ya kuipinga, hawakuwapo. Mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa huko, na Bunge halikuvunjwa.

Kisa hiki kinaipindua methali ya barazani. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini hiyo ni kanuni ya mnyonge. Mwenye kiti chake anaweza asiwepo na lake likawa, kwa sababu mambo yakibaki yalivyo yeye hapotezi kitu. Kutokuwapo kwa mwanamke barazani kulimnyima sauti. Kutokuwapo kwa mbunge ukumbini kulikuwa ndiyo sauti yake. Na kila mmoja wao angeweza kusema, bila kusema uongo, kwamba hakuupinga mswada.

6.0 Pingamizi Tatu

Dai kwamba hali hizi ni dhuluma hukutana na pingamizi tatu ambazo zinastahili kujibiwa kwa uadilifu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hakuna aliyekatazwa. Vigezo vya kupandishwa cheo ni vile vile kwa wote: machapisho, usimamizi wa tasnifu, makongamano, utumishi. Jibu ni kwamba kigezo kimoja kwa wote kinaweza kuwa kimekatwa kwa kipimo cha mmoja. Katika idara nyingi kazi ya ukatibu wa vikao, ya kuwaliwaza wanafunzi wenye matatizo, ya kuandaa hafla, huwaangukia wanawake, tena kwa sifa, kwa kuwa wao 'wana moyo'. Kazi hizo hula saa zile zile ambazo mwingine huandikia makala, na hazihesabiwi. Habari za kongamano, za mhariri anayetafuta makala, za ruzuku ya utafiti, hupita jioni katika mazungumzo baada ya kazi, barazani pa kisasa, wakati ambapo mwenye watoto amekwenda kuwapokea. Hakuna aliyefunga mlango.

Ni vivyo hivyo kwa makundi mengine. Ngazi haionekani kwa anayeipanda. Humwonekania anayetembea kwa kiti cha magurudumu, ambaye ukumbi wa mahojiano umewekwa kwake orofa ya tatu. Lugha ya mama inayozungumzwa ukumbini haisikiki kuwa ukuta kwa wanaoifahamu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, lakini sheria hiyo haiwezi kuhesabu utani ambao baadhi hawauelewi. Hata taaluma ya Kiswahili ina kuta zake: mtaalamu wa bara husikia kwamba hana lugha, na mtaalamu wa pwani husikia kwamba hana nadharia, na wote wawili huambiwa haya na watu wenye tabasamu.

Pingamizi la pili ni la hiari. Inasemwa kwamba mwanamke alichagua kutokwenda ng'ambo kwa masomo, alichagua familia. Ni kweli kwamba kuchagua ni tendo lake, na ni dharau kumfanya kuwa asiye na akili ya kuchagua. Lakini uchaguzi huhukumiwa pia kwa bei ya vilivyochaguliwa. Mwanamume aliyekwenda ng'ambo miaka minne hakuulizwa alimwachia nani watoto. Pale ambapo watu wawili wanalipa bei tofauti kwa kitu kimoja, hiari ya anayekiacha haithibitishi kwamba soko ni la haki.

Pingamizi la tatu ni la mfano wa aliyefaulu: mbona fulani aliweza? Katika historia ya Waswahili mfano mkubwa ni Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka wa 1880, katika ufukara, akaitwa Mtumwa. Alikuwa mwanamke, maskini, asiye na ukoo wa kujivunia katika mji uliojali sana uungwana. Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay akarekodi nyimbo katika sahani za santuri, na jina lake likaenea pwani yote. Je, hajathibitisha kwamba vizuizi havikuwapo? Kinyume chake. Ikiwa ilihitajika sauti na moyo vya aina ya Siti ili mtoto wa Fumba asikike, basi wenye sauti nzuri ya kawaida wa Fumba hawakusikika, ilhali wenye sauti ya kawaida wa mjini walisikika. Usawa haupimwi kwa mwanamke hodari kuweza kufika alipofika mwanamume hodari. Hupimwa kwa mwanamke wa wastani kuweza kufika alipofika mwanamume wa wastani, na vyuo vyetu vina wanaume wengi wa wastani walio juu.

7.0 Hatia na Dhamana

Linabaki swali la awali: na nani? Mwanafalsafa Iris Marion Young, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 2011 baada ya kufariki kwake, alitofautisha hatia na dhamana. Hatia huangalia nyuma na humhusu aliyetenda kosa. Dhamana huangalia mbele na huwahusu wote ambao matendo yao ya kawaida, yaliyo halali, yanashiriki katika kuyazalisha matokeo yasiyo ya haki. Tofauti hii inatuwezesha kusema kwamba dhuluma ipo bila kumzulia mtu udhalimu.

Ndani ya utamaduni wa Waswahili dhana inayokaribiana na hiyo ipo kitambo. Sheria ya Kiislamu inapambanua faradhi ya kila mtu binafsi na faradhi kifaya, ile ya kutoshelezana. Maiti akiwapo mjini, ni wajibu wa jamaa nzima aoshwe, asaliwe na azikwe. Wakifanya baadhi, waliosalia wameondokewa na wajibu. Asipofanya hata mmoja, dhambi huwa juu ya wote. Dhana hii ina mambo matatu yanayolifaa swali letu. Dhambi hiyo haitokani na kuua. Hakuna anayeulizwa nani aliyemfisha maiti. Haigawanyiki katika vipande vidogo kwa kuwa watu ni wengi. Wala haifutwi na udhuru wa mtu kusema kwamba alidhani mwenzake atafanya.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na ni vyema kuukiri. Maiti huonekana. Habari ya msiba hutangazwa, na hakuna anayeweza kusema kwamba hakujua kuna wajibu. Kizuizi kisichoonekana hakitangazwi, na walio nacho begani ndio wanaokijua peke yao. Wakikisema huambiwa kwamba wanalalamika. 'Usilolijua ni kama usiku wa kiza', na giza ni udhuru. Lakini ni udhuru kwa muda gani? Mtu anaweza kusamehewa kwa kutokiona asichokiona. Ni vigumu kumsamehe kwa kutotazama baada ya kuonyeshwa. Kuanzia hapo kutojua kwake ni kazi anayoifanya kila siku.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa kuona, na wa pili ni wa walio barazani. Si haki kumtaka asiyekuwapo ajilete. Yeye ndiye mwenye gharama kubwa zaidi ya kufika. Aliyeketi ndiye anayeweza kuuliza, kabla ya jambo kuamuliwa, ni nani hayupo na kwa nini. Anaweza kukisogeza kikao kutoka jioni hadi asubuhi. Anaweza kushika kalamu ya katibu kwa zamu. Anaweza kuzihesabu saa za malezi ya wanafunzi katika fomu ya kupandishwa cheo. Haya ni mambo madogo, na udogo wake ndio ushahidi: kilichojengwa kwa mambo madogo hakibomolewi kwa hotuba.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba dhuluma inaweza kuwapo pasipo dhalimu mmoja mwenye nia, na kwamba sarufi ya neno lenyewe isitufanye tukatae kuiona. Utengano imetuonyesha kwamba ukuta wenye mwenyewe si ukuta wa mwisho. Utendi wa Mwana Kupona umetuonyesha kwamba mapenzi ya kweli yanaweza kuihifadhi nyumba inayobana. Nguzo Mama imetufunza kuhesabu.

Limesalia jambo ambalo uhakiki wa Kiswahili haujalifanyia kazi ya kutosha, nalo ni kuyasoma matini ya taasisi zake wenyewe kwa makini yale yale unayoyatumia kwa riwaya na tendi: masharti ya kazi, fomu za kupandishwa cheo, kumbukumbu za vikao, orodha za waliopelekwa makongamanoni. Hayo nayo yana wahusika, yana mtazamo, na yana watu ambao hawakutajwa. Msomaji wa makala haya aliye na nafasi katika kamati yoyote hahitaji kusafiri mbali kuupata utafiti huo. Kumbukumbu ziko kabatini, na kuzifungua hakuhitaji ruhusa ya mtu.